Maji Yaliyoonjwa

Ng'washi alitumwa maji ya mvua katikati ya kiangazi.

Mwanzoni alicheka. Septemba ya Tabora haina hata wingu la kudanganyia watoto. Vumbi limekaa juu ya mabati, limekaa juu ya ndizi za sokoni, limekaa hata kwenye kope za watu. Lakini Bi Mwamvita, mwajiri wake, hakuwa anatania. Alimpa ndoo ndogo ya bluu yenye mfuniko, akamwelekeza nyumba ya tatu, mtaa ule ule wa Chemchem, kwa fundi cherehani aitwaye Mfaume. Huyo alikuwa na tangi alilolijaza masika na kulifunga kwa kufuli.

"Maji ya bomba yana chumvi na dawa," Bi Mwamvita alisema. "Yanamchoma. Yeye hunywa ya mvua tu."

Yeye alikuwa mmea.

Ulikaa sebuleni juu ya kigoda, mbali kidogo na dirisha ili jua lisiuguse. Majani yake yalikuwa mapana na magumu, ya kijani yenye mistari ya fedha, na pembezoni yalikuwa na miiba midogo kama meno ya samaki. Yalizunguka yakabanana, yakaacha katikati shimo refu kama kikombe. Bi Mwamvita alisema ni ndugu yake nanasi, ila huyu hazai tunda la kuliwa. Mizizi yake haitaki maji mengi. Chunguni mlikuwa na vipande vya mkaa na magome tu. Maji hutiwa tumboni, kwenye kile kikombe.

Hii ilikuwa siku ya tatu ya Ng'washi katika nyumba ile. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Shule aliiacha kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yake na wajomba wakagawana ng'ombe. Alitoka kwao Puge na begi moja na ahadi moja: atafanya kazi za ndani mwaka mmoja, kisha Bi Mwamvita atamtafutia nafasi ya kujifunza ushonaji. Mama yake alilia. Mdogo wake, Shukrani, alibeba begi mpaka barabarani.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza alipofika kwa fundi Mfaume.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Msukuma wewe? Nasikia kwenye ulimi." Mzee alivua miwani. "Basi mtani wangu. Mimi Mzaramo, babu yangu alikuja huku na misafara akachoka kurudi. Enhe, mmeishiwa mvua mpaka mnakuja kuomba kwetu?"

"Mvua ni yetu, fundi. Tuliwaazima tu."

Mfaume alicheka mpaka akakohoa. Akashika ufunguo, akainama kufungua tangi. Hapo ndipo alipoiona ile ndoo ya bluu.

Kicheko kikakatika.

Alijaza ndoo. Alipomkabidhi, alisogea karibu, akanong'ona.

"Ukifika, mwaga moja kwa moja. Usiwe na adabu sana."

"Wazaramo bwana," Ng'washi alisema. "Adabu hamna, na wenzenu hamtaki wawe nayo."

Alingoja mzee acheke. Mzee hakucheka. Ng'washi akaondoka akitabasamu peke yake, kwa maana neno la mtani halibebwi likalala nyumbani.

Bi Mwamvita alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga mabegani, akiuangalia mmea. Sebule ilinuka udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Kama mtungi uliosahauliwa na maji ndani.

"Mimina kwenye kikombe," alisema. "Lakini usimmwagie kama unamwagia mchicha. Huyo ni mgeni wa nyumba hii. Mpe kama mnavyompa mgeni kwenu."

Kwao, mgeni hapewi maji hivi hivi. Anayetoa huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, kisha ndipo anamkabidhi. Bibi yao aliiita desturi hiyo kuondoa uchawi. Maji ambayo mtoaji hakuyaonja ni maji ya mchawi, basi. Ng'washi mwenyewe aliwahi kumzaba Shukrani kofi mbele ya wageni, kwa sababu mtoto alinyoosha kata bila kuigusisha mdomoni. "Unataka watu waseme sisi ni wachawi?" Tangu siku ile Shukrani hakusahau tena.

Mkono wa Ng'washi ulijiendea wenyewe. Alichota maji kwa kikombe cha bati, akanywa funda moja, akamimina yaliyobaki katikati ya majani.

Glu.

Alisikia vizuri. Haikuwa sauti ya maji yanayomwagika. Ilikuwa sauti ya koo.

Nyuma yake Bi Mwamvita alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Puge mnalea watoto," alisema. "Mnalea kweli."

*

Kiu ilianza asubuhi yake.

Ng'washi alidhani ni chumvi ya dagaa. Alikunywa maji vikombe viwili, vitatu, ndoo nusu. Tumbo lilijaa likalia kama ngoma, lakini ulimi ulibaki mkavu. Maji yalipita bila kumgusa. Jioni tu, alipoonja lile funda moja kabla ya kumimina, kiu ilinyamaza. Ilinyamaza kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha ikarudi, na ilirudi kubwa zaidi.

Mmea ulinawiri. Kila asubuhi aliupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, na kila asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Maji ya lita nzima! Yalikwenda wapi, na chungu kilikuwa kikavu?

Bi Mwamvita naye alinawiri. Alikuwa akitembea na fimbo, akaiacha. Akaanza kuimba akipepeta mchele.

Wiki ya tatu alirudi kutoka sokoni na ndizi mbivu, zile zilizoanza kutoka madoa meusi. Alizipanga chunguni kuuzunguka mmea, kisha akaufunika wote kwa mfuko mkubwa wa nailoni.

"Bibi, unampikia?"

"Ndizi mbivu inatoa hewa yake. Akiivuta siku kumi, anachanua." Alifunga mfuko kwa uzi, taratibu, kama anayemfunga mtoto mgongoni. "Huchanua mara moja tu maishani mwake. Akishachanua anakufa, na pembeni anaacha watoto."

Hao watoto Ng'washi alikuwa amewaona. Walikuwa ukumbi wa nyuma, kwenye makopo ya maziwa, watatu. Kila kopo lilifungwa kipande cha kitambaa: cha kitenge, cha gauni, kimoja cha sare ya shule.

"Mbona yana vitambaa?"

"Ili nisiwachanganye," Bi Mwamvita alijibu. "Huyo ni wa Shamila. Huyo ni wa Josepha. Huyu wa mwisho ni wa Advera."

Hakusema hao ni akina nani. Jioni ile Ng'washi alikuta gauni lake limekatwa pindo, kipande cha vidole vitatu.

*

Siku ya kumi mfuko ulipofunguliwa, harufu ya ndizi zilizooza ilijaa nyumba nzima. Ng'washi alichungulia ndani ya kikombe. Chini kabisa, kwenye giza la majani, palikuwa na kitu chekundu. Kidogo. Kimechongoka.

Kama ncha ya ulimi.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akifinya ngozi ya mkono, ilibaki imesimama. Akilia, machozi hayatoki. Siku ile alikusanya begi lake, akaenda stendi ya mabasi bila kuaga. Hakulifikia basi. Kiu ilimwangusha kifudifudi kati ya wauza karanga, akajikuta anatambaa kurudi Chemchem huku watu wakisema binti huyu amelewa saa tano asubuhi. Aliishia mlangoni kwa fundi Mfaume.

"Nilikwambia usiwe na adabu," mzee alinong'ona. Cherehani ilikuwa kimya. "Nilikwambia."

"Nilijua ni utani."

"Advera naye alijua ni utani. Mnyamwezi wa Isikizya, mtani wangu vilevile. Wote mnacheka."

"Kwa nini hukusema wazi, fundi?"

Mfaume alitazama picha ya marehemu mkewe iliyotundikwa ukutani.

"Aliyesema wazi ni huyo," alisema. "Walimzika mwepesi. Watu wawili tu walitosha kumbeba."

Akachukua tena kitambaa chake, akaanza kushona.

Jioni ile Ng'washi hakuonja. Alisimama mbele ya mmea, akamwaga maji moja kwa moja kama alivyofundishwa na mtani wake siku ya kwanza.

Majani yalifumba.

Yalifumba kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa, na maji yote yakamwagika sakafuni. Halafu nyumba nzima ikakauka. Mbao za dari zililia, kaa... kaa... kaa. Mtungi wa jikoni ukapasuka. Bi Mwamvita alianguka kwenye mkeka akishika koo, na alipokohoa, kilichotoka kinywani mwake kilikuwa vumbi.

"Onja," alikoroma. "Onja, mwanangu... tutakufa wote."

Ng'washi alikuwa na kiu. Sisi tusiokuwa na kiu ile tunaweza kusema tungefanya nini. Alikunywa funda moja, akamimina.

Glu.

Nyumba ikatulia.

*

Bi Mwamvita alimwambia asubuhi, akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za bei ya sukari.

Nyumba hii ilikuwa ya babu yake. Ua wake ulikuwa kituo cha misafara, wakati pembe na watu vilipitishwa hapa kwenda pwani. Mwaka mmoja msafara uliacha mtu aliyefungwa, mgonjwa, asiyeweza hatua moja zaidi. Aliomba maji siku mbili. Siku ya tatu babu alichoka kumsikia, akampelekea maji yaliyotiwa kitu. Mtu yule alimwangalia akasema, *onja kwanza*. Babu hakuonja, na mtu yule akafa na kiu yake.

"Tangu hapo hanywi mpaka uonje," Bi Mwamvita alisema. "Na asiponywa, sisi tunakauka. Zamani alikaa kwenye mtungi. Mtungi ulipozeeka, mpwa wangu akaniletea ua hili kutoka Dar, zawadi. Akahamia humo. Mmea gani mwingine unaweka maji tumboni?"

"Kwa nini huonji wewe?"

Bi Mwamvita aliacha kumenya. Alionekana ameshangaa kweli.

"Mimi? Si nitakufa!"

Akatupa ganda kwenye beseni.

"Akichanua, anaondoka na aliyeonja mwisho. Kisha anatulia miaka miwili, mitatu, mpaka mtoto wake akomae. Hivyo tu. Sina ubaya na wewe."

"Aliyeonja mwisho," Ng'washi alirudia.

"Mwisho. Akija mwingine akaonja, wewe unaachiliwa. Sikushauri. Umeuliza, nimekujibu." Bi Mwamvita alimtazama kwa upole. "Kwenu una mdogo wako, sivyo? Kamaliza darasa la saba majuzi."

Ng'washi alisema hapana. Siku ile alisema hapana, na siku ya pili akasema hapana, na kila aliposema, kile chekundu kilikuwa kimepanda kwenye kikombe kidole kimoja. Siku ya tatu kilitokeza juu ya majani kama mkuki, na pembeni yake kikaanza kutoa vijiua vya zambarau vilivyofumba. Siku ya nne alijaribu kumeza mate, koo lake likashikana. Alikaa chini ya ukuta wa uani, ulimi nje kama mbuzi wa mnadani.

Bi Mwamvita alichuchumaa mbele yake na simu mkononi. Alishika simu tu.

Ng'washi akasema namba. Tarakimu kumi, moja baada ya nyingine.

*

Shukrani alifika Jumamosi saa tisa alasiri, jua likiwa jeupe kama chokaa. Alikuwa na miaka kumi na minne, ameazima viatu, na nywele alisukwa na mama yake kwa safari. Alibeba kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, bibi! Mama anakusalimia, kasema ahsante sana kwa kunipa mimi pia kazi." Kisha akamwona dada yake kwenye kiti. "Dada? Mbona umekonda hivyo? Mjini hamli?"

"Kaumwa kidogo," Bi Mwamvita alisema. "Atapona leo. Haya, weka huyo kuku. Kabla hujakaa, nyumba hii ina mgeni, na huyu dada yako hawezi kumhudumia. Mpe maji. Mpe kama mnavyompa mgeni kwenu."

Kikombe cha bati kilikuwa tayari. Maji ya mvua, mpaka ukingoni.

Shukrani aliuangalia mmea akacheka. "Huyu ndiye mgeni?"

"Ndiye."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Ng'washi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Moyoni aliomba kitu kimoja. *Sahau. Mungu, msahaulishe. Amwage tu kama mtoto asiyelelewa.*

Shukrani aligeuka akamtazama dada yake. Alitabasamu. Ulikuwa ule uso wa mtoto anayetaka umwone hajasahau, anayekumbuka kofi na anataka ujue halihitajiki tena.

Ng'washi alifungua mdomo.

Watu wa Chemchem wanaosimulia kisa hiki husema koo lake lilikuwa limekauka, sauti haikuweza kutoka. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyowaambia. Lakini haikuwa hivyo. Sauti alikuwa nayo. Ilikuwa pale pale nyuma ya meno, neno moja dogo, na alilishikilia.

Shukrani akainua kikombe. Akaonja.

Akamimina.

Glu.

Na kinywani mwa Ng'washi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, yakajaa mate. Matamu. Yalijaa mpaka yakamtoka pembeni ya mdomo, akayapangusa kwa kiganja, na hakumtazama mdogo wake.

"Mh," Shukrani alisema, akilamba midomo. "Bibi, maji mengine yapo? Safari imenipa kiu."

*

Ng'washi aliondoka alfajiri. Bi Mwamvita alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwekea mkononi kopo la maziwa lenye mche wenye majani matano. Kopo lilifungwa kipande cha gauni lake.

"Kila anayetoka hapa akiwa hai hutoka na mtoto wake. Wewe ni wa kwanza."

"Silitaki."

"Litupe, basi. Sijui atakayekauka ni nani. Sijawahi kujaribu."

Simu ilipigwa Puge siku ya tisa. Mtoto ameugua ghafla, walisema, homa. Walipomleta, wanaume waliobeba jeneza walitazamana, maana lilikuwa jepesi kama la kuku. Mama yake alimuuliza Ng'washi mara moja tu: "Ulimwacha mzima?" Ng'washi alijibu, "Nilimwacha mzima, mama." Na huo haukuwa uongo.

Kopo hakulitupa. Alilificha nyuma ya ghala, juani, na hakulipa hata tone. Alisema moyoni litakufa lenyewe, bila mkono wa mtu. Novemba ikapita bila mvua. Desemba mvua zikaja chache. Akaacha kwenda kuliangalia.

Jioni moja alirudi kutoka shambani, jembe begani. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini. Pembeni yake, juu ya kinu kilichogeuzwa, palikuwa na kopo la maziwa. Majani yalikuwa kumi na moja. Mapana, magumu, na mistari yake ya fedha iling'aa kwa mwanga wa jua linalozama.

"Nimelikuta nyuma ya ghala," mama alisema. "Fikiri! Ulilileta kutoka nyumba aliyofia mwenzio, halafu unalitupa juani. Nimempangusa. Nimemweka hapa awe ananiona." Aligusa jani kwa kidole, polepole. "Namwita Shukrani."

Ng'washi aliangalia chini. Kando ya mguu wa mama yake palikuwa na kata, imelowa.

"Mama. Umempa maji?"

"Alikuwa na kiu, maskini. Nimempa ya mvua, yale ya kwenye pipa."

"Umempaje?"

Mama yake alimtazama kama mtu anayeulizwa anapumuaje.

"Kama anavyopewa mtu," alisema. Akajipangusa mdomo kwa upindo wa kanga, akaichukua kata, akainuka kuelekea kwenye pipa. "Sijui leo jua la wapi hili. Nimeshakunywa kata nne, na kiu haikatiki."